Gia za nyuma zinasita kushuka na mnyororo unagonga: nianzie wapi kurekebisha nikiwa nyumbani?

Mkazi wa Nzuguni

Shikamooni wakubwa, na kwa wenzangu, habari za kazi. Naomba msaada wa kurekebisha gia za baiskeli nikiwa nyumbani, kwa sababu nimehangaika nazo kwa majuma mawili na ninaamini sasa nimeziharibu kuliko zilivyokuwa mwanzo. Baiskeli ni ya mtumba, ina sproketi (yale magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo) 3 mbele na 7 nyuma, na vishikio vyake vya gia ni vile vya kubofya kwa kidole. Ndiyo inayonipeleka kazini kutoka Nzuguni, hapa Dodoma, hadi Mji wa Serikali kule Mtumba, na sehemu ya njia ninayopita ni ya vumbi tupu tangu mvua zilipokatika.

Tatizo liko nyuma. Nikibofya ili mnyororo uende kwenye sproketi kubwa, unakwenda, japo kwa kuchelewa kidogo. Nikibofya ili urudi kwenye sproketi ndogo, unabaki palepale ukigongagonga kwa mizunguko miwili au mitatu ya pedali, halafu unashuka ghafla, na mara nyingine unaruka gia mbili kwa mpigo mmoja. Nilipokaza waya, kwenda kwenye sproketi kubwa kukawa kuzuri na kurudi kukawa kubaya zaidi. Nilipolegeza, mambo yakageuka kinyume.

Kisha nikaona skrubu mbili ndogo kwenye kibadili gia cha nyuma, kile kinachousogeza mnyororo, moja imeandikwa H na nyingine L, nikazizungusha nikidhani ndizo za kurekebishia. Juzi, nikiwa napanda kilima kwa gia nyepesi kabisa, mnyororo uliruka sproketi kubwa ukaangukia upande wa spoki, gurudumu likakwama, nami nikaanguka. Sikuumia, lakini nilikuwa mita chache tu kutoka kwenye barabara ya malori. Fundi mmoja wa jirani ameniambia kwamba kibadili gia kimekufa na ninunue kingine. Kabla sijatoa fedha hizo, naomba kujua: ni kweli kimekufa? Na kama hakijafa, hatua ya kwanza ni ipi?

Fundi wa Sabasaba

Marahaba binti yangu, na pole sana kwa kuanguka. Nianze na lililo la hatari: usiipande baiskeli hiyo tena mpaka skrubu ya L iwe imewekwa sawasawa, maana mnyororo ukinasa kati ya sproketi kubwa na spoki unaweza kukata spoki, kupinda kibadili gia chenyewe na kulifunga gurudumu la nyuma ukiwa katikati ya magari.

Skrubu za H na L hazihusiki na kuifanya gia ihame vizuri. Kazi yake ni kuweka mipaka miwili ya mwendo wa kibadili gia, mmoja upande wa sproketi ndogo ya nje, ambao ni H, na mwingine upande wa sproketi kubwa iliyo karibu na spoki, ambao ni L. Kuikaza yoyote kati ya hizo hupunguza uwanja ambao kibadili gia kinaweza kutembea, na kuilegeza huuongeza. Wewe umeilegeza L, ndiyo maana mnyororo umevuka mpaka. Zikishawekwa vizuri mara moja, haziguswi tena hadi ubadilishe gurudumu, ubadilishe kibadili gia, au baiskeli ianguke ikapindika.

Sasa kuhusu ugonjwa wenyewe, maelezo yako yamenisaidia sana, hasa pale uliposema kwamba kukaza waya kunaponya upande mmoja na kuharibu wa pili. Waya uliolegea tu hufanya mnyororo usite kwenda kwenye sproketi kubwa, na uliokazwa kupita kiasi hufanya usite kurudi kwenye ndogo. Zikisita pande zote mbili, na hakuna kipimo cha kati kinachoziridhisha, basi mara nyingi waya hautembei kwa uhuru ndani ya kava lake, yaani lile bomba la nje linaloufunika. Kumbuka kwamba kwenda kwenye sproketi kubwa unauvuta waya kwa nguvu za kidole chako, lakini kurudi ni kazi ya springi ndogo iliyo ndani ya kibadili gia peke yake. Kidole kina nguvu ya kuushinda uchafu, springi haina. Kwa vumbi hili la kwetu, lililo laini kama unga, kava la mwisho lile lililojikunja nyuma ya gurudumu ndilo hujaa kwanza, kwa sababu liko chini na mdomo wake unaelekea kunakotimka vumbi.

Kwa hiyo usinunue kitu. Ining'inize baiskeli ili gurudumu la nyuma liwe hewani, hata kwa kuifunga kiti kwa kamba kwenye tawi la mwembe, na ufanye jaribio hili. Zungusha pedali kwa mkono na upeleke mnyororo hadi sproketi kubwa kabisa, ukiwa umekizuia kibadili gia kwa mkono kisivuke kuingia kwenye spoki. Kisha acha kuzungusha, na bila kusogeza pedali wala gurudumu, bofya kishikio mpaka kifike gia ya mwisho, yaani namba 7. Mnyororo utabaki kwenye sproketi kubwa, lakini waya utalegea kabisa, na kama fremu yako ina vile vishikizo vilivyopasuliwa mfereji, utaweza kuyachomoa makava yote bila kufungua hata nati moja. Yasogeze kwenye waya huku na huku. Waya ukikwaruza, ukiwa na kutu, au ukiwa umeanza kuchanika nyuzi, umeshaupata ugonjwa. Angalia pia hilo kava lenyewe kwenye ncha zake, kisha urudi hapa utuambie umeona nini.

Mwalimu, Kongwa

Naungana na fundi, na ninaomba kuongeza jambo la mnyororo, kwa sababu gia zinazogonga haziletwi na waya pekee. Mimi huendesha baiskeli kila siku kwenye barabara ya udongo, na nilihangaika na waya kwa mwezi mzima kabla sijagundua kwamba mnyororo wangu ulikuwa umerefuka.

Kupima ni rahisi, na rula ya sentimita inatosha mradi ifike zaidi ya sentimita 31. Umbali kati ya pini moja na inayofuata kwenye mnyororo wa baiskeli ni milimita 12.7, kwa hiyo ukihesabu nafasi 24 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, mnyororo mpya unatoa milimita 304.8. Ukifika kama milimita 306.4 ubadilishe, na ukifika 308 uwe tayari kubadilisha sproketi za nyuma pamoja nao, kwa sababu meno yatakuwa yameshalika kwa kufuata urefu wa mnyororo uliochakaa, na mnyororo mpya utaruka juu yake kila unapokanyaga kwa nguvu. Kuruka kwa namna hiyo hakuponi kwa kurekebisha waya, hata ufanye nini.

Ukinunua mnyororo, sema wazi kwamba ni wa baiskeli yenye sproketi 7 nyuma. Ule wa baiskeli kubwa zisizo na gia, za aina ya Phoenix, una upana mkubwa zaidi, na ukiuweka kwenye sproketi 7 utasugua sproketi ya jirani muda wote.

Jambo la pili ni mafuta. Wengi wetu hupaka mnyororo mafuta machafu yaliyotolewa kwenye injini za pikipiki, kwa kuwa yanapatikana bure. Mafuta hayo ni mazito na yana chembe za chuma, na yakikutana na vumbi yanageuka tope linalosaga pini mchana kutwa. Mimi husafisha mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikiangalia yasipenye ndani ya friwili, ule mkusanyiko wa sproketi za nyuma, wala kwenye ekseli, nauacha ukauke kabisa, kisha naweka tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, nasubiri yapenye, na mwisho nafuta yote yaliyobaki nje mpaka mnyororo uonekane mkavu. Yanahitajika ndani ya viungo tu. Kwa kuwa mafuta ya cherehani ni mepesi, inabidi nirudie kila juma, lakini hainichukui hata robo saa.

Kijana wa Makulu

Ninaomba nami niulize maswali mawili yatakayomsaidia dada. Je, mibofyo ya kishikio chako ni mingapi, na je, una uhakika kwamba kishikio na sproketi vilitoka kiwandani pamoja? Baiskeli za mtumba mara nyingi zimeunganishwa vipande kutoka baiskeli mbili tatu. Gia zinazobofya zinategemea kwamba kila mbofyo unavuta waya kwa kipimo kinacholingana na umbali kati ya sproketi: kwenye sproketi 7 za Shimano, kampuni ya vipuri vya baiskeli, umbali huo ni milimita 5, kwenye 6 ni milimita 5.5, na kwenye 9 ni kama milimita 4.35 hivi. Ukiwa na kishikio cha 6 na sproketi 7, kosa la nusu milimita linajirudia kila mbofyo, na utapata gia mbili nzuri katikati huku nyingine zote zikigonga. Nilikuwa na baiskeli ya namna hiyo na hakuna aliyeweza kuitengeneza mpaka tulipobadilisha kishikio.

Na kama ni ya zamani sana, angalia kama kishikio kinabofya kweli. Shimano waliingiza mfumo wa mibofyo kwenye Dura-Ace, vipuri vyao vya baiskeli za mbio, mwaka 1984, na kabla ya hapo vishikio vingi vilikuwa vya kusukuma tu, ambapo mpandaji mwenyewe alitafuta mahali pa gia kwa kusikiliza.

Mkazi wa Nzuguni

Asanteni sana nyote. Mibofyo nimeihesabu, nafasi ni 7 na sproketi ni 7, na kishikio na kibadili gia vina jina la kampuni moja. Mnyororo nimeupima mara tatu, nikapata kama milimita 305 na nusu, kwa hiyo Mwalimu, nadhani bado una maisha.

Nimefanya jaribio la fundi jana jioni. Makava mawili ya mbele yalikuwa safi, na waya ulipita humo kama uzi kwenye sindano. La nyuma ndilo lililonishangaza: ni jeusi wakati mengine ni ya kijivu, ni nene kidogo kuliko hayo, na nilipochungulia ncha yake niliona ndani yake waya uliosokotwa kama springi, ilhali kwenye makava mengine kuna nyuzi nyingi zilizonyooka kwenda na urefu wa kava. Ncha yenyewe haina kofia, imekatwa kwa mshazari, na ndani mlitoka vumbi jekundu lililoganda kama udongo wa kufinyangia. Je, tofauti hiyo ya ndani ina maana yoyote?

Fundi wa Sabasaba

Ina maana kubwa mno, na hapo ndipo ulipo ugonjwa wako wote. Kava hilo jeusi ni la breki. Mtu aliyekuwa na baiskeli hiyo kabla yako alikosa kava la gia dukani akaweka la breki, na kwa macho yanafanana.

Kava la breki limejengwa kwa waya wa bapa uliosokotwa ili lihimili msukumo mkubwa bila kupasuka, lakini likivutwa hunywea kidogo, na likijikunja hubadilisha urefu wake. Kwenye breki kunywea huko hakukuzuii kusimama. Kwenye gia, ambako unadai waya usogee kwa kipimo kilekile kila mbofyo, ndiko kunakofanya marekebisho ya leo yasiwe ya kesho. Kava la gia limejengwa kwa nyuzi zilizonyooka ili lisinywee. Nakuonya na kinyume chake: usiweke kamwe kava la gia kwenye breki, kwa sababu nyuzi hizo zinaweza kupasuka zikatoka nje ya plastiki unapobana breki kwa nguvu, ukabaki huna breki. Waya za ndani nazo ni tofauti: wa gia una unene wa milimita 1.2 hivi na wa breki 1.5 au 1.6.

Nunua kipande cha kava la gia chenye unene wa nje wa milimita 4, pamoja na waya mpya na kofia mbili za ncha. Kipande kikate kwa urefu utakaokifanya kijikunje kwa upole kutoka kwenye fremu hadi kwenye kibadili gia, bila kuvutika na bila kujitanua kama sikio la tembo. Ukate kwa koleo kali, ncha uisawazishe kwa tupa mpaka iwe bapa, na ile plastiki ya ndani iliyobanwa na koleo uifungue kwa sindano nene. Watu wengi huruka hatua hiyo ya sindano, na ndiyo inayowarudisha kwangu.

Kabla hujafunga waya, weka mipaka. Waya ukiwa haujafungwa, mnyororo utakaa wenyewe kwenye sproketi ndogo kabisa. Simama nyuma ya baiskeli, angalia kigurudumu cha juu cha kibadili gia, na uzungushe H mpaka kigurudumu hicho kiwe sambamba chini ya sproketi ndogo. Kisha, ukizungusha pedali taratibu, sukuma kibadili gia kwa mkono kuelekea spoki, na ukaze au ulegeze L mpaka mnyororo upande sproketi kubwa bila shida lakini usiweze kuivuka hata ukisukuma kwa nguvu.

Ukiwa bado nyuma, angalia kama vigurudumu viwili vya kibadili gia, cha juu na cha chini, viko kwenye mstari mmoja wa wima. Ulianguka nayo, kwa hiyo yawezekana lile sikio la fremu linaloshika kibadili gia limepinda kuingia ndani. Kama limepinda, usiendelee, niletee kwanza. Mimi hulipima kwa gurudumu jingine la nyuma ambalo mhimili wake una uzi wa milimita 10, nikiuingiza kwenye tundu la sikio, kisha naangalia kama magurudumu mawili yako sambamba kila upande. Sikio la chuma hunyooka vizuri. La alumini hunyooshwa kwa subira na mara moja tu, kwa maana linaweza kukatika.

Baada ya hapo, peleka kishikio kwenye namba 7, kaza kile kifundo cha kuzungushwa kwa vidole pale waya unapoingilia mpaka mwisho, kisha ukirudishe mzunguko mmoja ili kibaki na nafasi pande zote. Vuta waya kwa mkono mpaka usiwe na ulegevu, ukaze skrubu yake kwa spana ya pembe sita ya milimita 5. Bofya mara moja. Mnyororo usipohamia sproketi ya pili, zungusha kifundo kinyume cha saa nusu mzunguko na ujaribu tena. Ukirukia ya tatu, zungusha kufuata saa. Ukishatulia kwenye ya pili, endelea kuzungusha kifundo kinyume cha saa kidogo kidogo, huku pedali inazunguka, mpaka usikie mnyororo unaanza kugusa sproketi ya tatu, halafu urudishe kiasi cha kunyamaza tu. Hapo ndipo mahali pake. Pitia gia zote kwenda na kurudi, na ukirekebisha tena usizidishe robo mzunguko kwa mara moja.

Mwisho kabisa, mnyororo ukiwa kwenye sproketi kubwa, angalia nafasi kati ya meno ya sproketi hiyo na kigurudumu cha juu. Milimita 5 au 6 zinatosha. Ikiwa vinagusana, skrubu ya tatu, iliyo nyuma ya kibadili gia karibu na sikio, ndiyo ya kuvitenganisha.

Mkazi wa Nzuguni

Nimerudi na habari njema. Sikio lilikuwa limepinda kweli, kigurudumu cha chini kilikuwa kimeingia ndani kwa upana wa kidole kidogo. Nimelinyoosha Jumamosi pale Sabasaba, na nilishuhudia mwenyewe lile gurudumu la pili likiingizwa kwenye tundu, sikuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Kava, waya na kofia nilifunga mwenyewe nyumbani jioni, na sindano sikuisahau. Kuweka mipaka kulinichukua dakika kumi; kutafuta pale pa kunyamaza kulinichukua saa nzima, kwa sababu mwanzo nilikuwa nazungusha kifundo mzunguko mzima mzima.

Leo asubuhi nimekwenda kazini na kurudi. Mnyororo unashuka papo hapo ninapobofya, na kwenye kile kilima nimeingia gia nyepesi kabisa bila woga. Nimejifunza pia kupunguza kukanyaga kwa sekunde moja wakati wa kubofya, badala ya kubadilisha gia nikiwa nimeshalemewa katikati ya mwinuko.

Limebaki moja dogo: nikiwa kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma, nasikia mnyororo unasugua kibadili gia cha mbele. Je, nikirekebishe nacho?

Fundi wa Sabasaba

Hongera sana binti yangu, kazi hiyo ni ya mkono wako. Hicho cha mbele kiache kama kinasugua kwenye gia hiyo moja tu. Kubwa kwa kubwa, na ndogo ya mbele kwa ndogo ya nyuma, mnyororo hukaa mshazari mno, na hata baiskeli mpya huweza kusugua hapo. Isitoshe, ukiwa na sproketi 3 mbele utapata karibu uwiano uleule kwa kutumia ya kati. Kikianza kusugua na kwenye gia za katikati, angalia kwanza kama bamba lake la nje liko sambamba na sproketi kubwa na limeinuka juu ya meno yake kwa milimita 1 hadi 3, na ndipo ushike bisibisi.

Mvua zikianza Desemba, chomoa lile kava la nyuma kwa njia ileile niliyokuonyesha, ufute waya na kuupaka tone la mafuta ya cherehani, kabla vumbi la kiangazi halijalowa humo ndani.